Si Kila King'aacho Jedwalini Ni Dhahabu

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita, tarakimu moja ndogo yaweza kuamua jambo kubwa. Wingi wa dhahabu katika mwamba hupimwa kwa gramu kwa tani. Mwamba wenye gramu 2 kwa tani una sehemu mbili tu za dhahabu katika kila sehemu milioni moja za uzito wake, na mara nyingi jicho haliioni. Kwa hiyo mchimbaji, awe wa mgodi mkubwa kama Bulyanhulu au wa duara linalochimbwa kwa sururu, akitaka kuujua mwamba wake hana budi kuiamini karatasi itokayo maabara. Siku hizi karatasi hiyo huchapwa kutoka katika lahajedwali la kompyuta, na tarakimu zinazodhaniwa kuwa muhimu huweza kutiwa herufi nzito au rangi nyekundu. Linalostahili kuulizwa ni hili: nani ameamua kwamba tarakimu hii ing'ae na ile ising'ae, na kwa kanuni gani?

Kazi ya kuzipamba tarakimu haihitaji mtu apitie seli moja moja. Tangu mwaka 1993 programu ya Excel ina lugha iitwayo VBA, ambayo kwayo mtu huandika makro, yaani mfululizo wa amri ambazo mashine huzitekeleza kwa mkupuo mmoja. Amri ya kuikoleza fonti ni fupi:

ActiveCell.Font.Bold = True

Maana yake ni kwamba seli iliyochaguliwa, kwa upande wa fonti yake, iwe na herufi nzito. Amri nyingine za namna hiyo hubadili rangi, ukubwa na aina ya herufi. Makro ikipitishwa katika safu nzima huweza kupamba maelfu ya matokeo kabla karani hajamaliza ukurasa mmoja kwa mkono. Hapana shaka huo ni msaada mkubwa. Lakini amri hiyo husema tu herufi zionekaneje. Haisemi kwa nini. Sababu isipoandikwa mahali pengine hubaki kichwani mwa mwandishi wa makro, naye akihama kazi huhama nayo.

Madhara ya jambo hilo yaweza kuonekana katika mifano miwili. Wa kwanza ni wa dhahabu. Maabara isipoweza kuitambua dhahabu katika sampuli, haiandiki sifuri, bali huandika alama kama "<0.01", yaani chini ya kiwango ambacho vyombo vyake vyaweza kutambua. Kwa kompyuta alama hiyo huigeuza seli kuwa maneno, na katika fomula za Excel maneno huhesabiwa kuwa makubwa kuliko tarakimu yoyote. Basi makro ikifuata jibu la fomula inayouliza kama kipimo kimezidi 2, sampuli isiyo na dhahabu ya kupimika itakolezwa pamoja na zile tajiri. Wachimbaji wadogo waliochangishana fedha za magogo, pampu na karasha, wakiisoma karatasi iliyofupishwa kuwa orodha ya sampuli zilizokolezwa, wataendelea kulichimba duara tupu. Hapo kosa halionekani kuwa kosa. Huonekana kuwa bahati.

Mfano wa pili ni wa maji, nao ni wa hatari zaidi kwa kuwa hauna kelele. Katika mialo ya kuoshea dhahabu wachimbaji wadogo hutumia zebaki ili kuinasa dhahabu, na zebaki hiyo yaweza kufika katika maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha maikrogramu 6 kwa lita kwa zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa. Ichukuliwe kwamba jedwali la visima limepambwa kwa makro asubuhi, na kila kipimo kilichozidi 6 kimewekwa rangi nyekundu. Mchana kipimo cha kisima kimoja kinasahihishwa kutoka 3 kuwa 9. Tarakimu imebadilika, lakini fonti yake haikubadilika, maana makro ya kawaida hufanya kazi pale tu inapoitwa. Tarakimu 9 itabaki nyeusi kama jirani zake, na mama atakayeulizia kisima chake ataambiwa kwamba ni salama.

Zaidi ya hayo, rangi haisafiri mbali. Jedwali likihifadhiwa kama maandishi matupu ya CSV, fonti zote hupotea. Fomula za kujumlisha na kuhesabu haziioni rangi ya herufi. Mashine ya kunakili karatasi huweza kuugeuza wekundu kuwa weusi, na wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Taarifa iliyowekwa katika rangi peke yake ni kama ujumbe ulioandikwa mchangani.

Dawa si kuikataa mashine. Tanzania imekwisha kuijaribu njia hiyo: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo yaliyoipata kazi ya hesabu za Hazina iliyokuwa ikifanywa kwa kompyuta. Marufuku hiyo iliondoka na kompyuta zikarejea, lakini wajibu wa mtumiaji kuijua kazi yake haukuondoka. Wala haitoshi kutumia upambaji wa masharti, ambao hubadilika wenyewe tarakimu ibadilikapo, kwani nao huweza kunaswa na alama ya "<0.01" vilevile.

Dawa ni kuiweka kanuni ndani ya jedwali. Kiwango kinachotumika na kizio chake viandikwe katika seli zao. Alama ya "chini ya" iwe na safu yake, mbali na tarakimu. Safu nyingine iandikwe kwa maneno: "juu ya kiwango", "chini ya kiwango", "haikupimwa". Makro iulize kwanza kama yaliyomo ni tarakimu. Irudishe fonti zote katika hali ya kawaida. Kisha ikoleze kwa kufuata safu hiyo ya maneno, na iitwe tena kila jedwali linaposahihishwa. Na kwa kuwa yaliyofanywa na makro kwa kawaida hayatenduliwi kwa kitufe cha kutendua, nakala ya asili ihifadhiwe bila kuguswa.

Katika shule za sekondari somo hili laweza kufundishwa hata pasipo kompyuta. Mwalimu aandike ubaoni jedwali la vipimo vya visima, baadhi kwa chaki nyekundu, kisha awatake wanafunzi walinakili kwa penseli. Watakaoshindwa kusema ni kisima gani kina hatari watakuwa wamelitambua kosa la jedwali, si kosa lao. Penye kompyuta, jaribio ni lilelile: fonti zote zifutwe, kisha jedwali lisomwe upya. Likipoteza maana yake, halikuwa limekamilika.

Ni rahisi kumpa alama nyingi mwanafunzi ambaye jedwali lake linapendeza. Yafaa alama hizo zitolewe kwanza kwa yule awezaye kueleza kanuni iliyoifanya kila tarakimu ipendeze. Vijana wa Geita na Shinyanga ndio watakaokuwa mafundi wa maabara, wapima maji na makarani wa migodi ya kesho, na watu watachimba au watakunywa kwa kuzitegemea karatasi zao.