Kahawa ina jasho la mabinti, muhuri uko mfukoni mwa wazee

Sisi vijana tunasema wazi: koperative yenye mabinti wanatumika na wazee wanapiga saini si koperative. Ni shamba la bwana lenye jina jipya.

Nenda Kalehe, nenda Idjwi, nenda Minova wakati wa mavuno. Nani anachuma kahawa? Nani ameinama kwenye meza za kukaushia toka asubuhi, anatoa punje mbaya moja moja? Wamama na mabinti. Halafu ingia kwenye mkutano mkuu, utazame meza ya mbele. Prezida, muzee. Makamu, muzee. Mtunza feza labda mama mmoja, kwani wanasema wanawake hawaibi, lakini kule benki saini si yake.

Mlango unafungwa kwenye karti. Sheria ya OHADA juu ya koperative, yenye Kongo iliingia 2012, inasema mwanachama mmoja sauti moja, hata hisa zako zikiwa nyingi. Sheria nzuri. Lakini mulimani nyumba moja inaandikisha mtu mmoja, na huyo ni mwenye shamba. Mwenye shamba ni nani? Kule Bushi ni yule ambaye baba yake alilipa kalinzi kwa chifu. Binti hana kalinzi, basi hana shamba, hana karti, hana sauti. Hakuna mwenye alimkataza kusema. Alifungiwa mbele ya kura kufika. Sheria ya jamaa inasema watoto wote wanariti sawasawa, wanaume na wanawake. Hiyo sheria haijapanda mulima.

Na mwenye amepata karti? «We binti, kesho utaolewa, utapeleka siri zetu kwa bwana yako.» Akiolewa: «Bwana yako amekubali?» Ile ruhusa ya bwana ilifutwa tangu 2016, komite bado inaiomba! Kijana mwanaume naye ataoa kesho. Hakuna mwenye anamuuliza bibi yake atasema nini. Tena mambo makubwa yanamalizwa jioni kwenye kasiksi, saa binti yuko anapika.

Sisi wa Goma na Bukavu tusijitoe. Kifungu cha 14 cha Katiba tunakitaja wakati wa kuhesabu mawaziri wanawake tu. Na kwenye mikutano yetu wenyewe, nani anaandika ripoti, nani anaongea kwa radio?

Hatuombi, tunadai. Karti kwa kila mwenye kutumika shambani, bwana na yake, bibi na yake. Hisa ilipwe kidogo kidogo, hata kwa kilo za kahawa. Mtunza feza apige saini benki. Na wafadhili wenye kupenda picha za wamama na vikapu, waulize kwanza nani anasaini.

Wewe mwenye wazazi wako ni wanachama: mkutano mkuu unaokuja, panda nyumbani, omba daftari ya wanachama, hesabu majina ya wanawake wa chini ya miaka 35. Tutumie hiyo hesabu. Tutaitangaza, koperative kwa koperative.