Mlinzi wa Muhogo Ajulikane

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima wa muhogo neno hili ni kweli tupu, kwani adui yake hukaa katika jani changa, naye ni mdogo hata jicho humwona kwa taabu. Adui huyo ni utitiri wa kijani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika Afrika alionekana kwanza Uganda mwaka 1971. Hakukawia kuenea katika nchi zilimazo muhogo. Wakati wa kiangazi huyafyonza majani machanga yakapata madoadoa, yakadumaa na kupukutika.

Lakini katika jani lilo hilo huweza kuishi utitiri wa namna nyingine, ambao chakula chake ni huyo adui. Mwenye kunyunyiza dawa kwa pupa humwua askari pamoja na mwizi.

Kumtambua askari huyo si kazi ya kubahatisha. Ukoo wake una aina zaidi ya 2,000 zilizokwisha kupewa majina, na kwa kawaida urefu wake haufiki milimita moja. Mtaalamu humweka jike mpevu juu ya kioo, akamtazama kwa hadubini, akahesabu nywele za mgongoni na kupima urefu wake, akachungua hata umbo la kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume. Wako watakaouliza: kuhesabu nywele za kijidudu kwamfaa nini mwenye njaa? Sisi twajibu kwa mambo yaliyotendeka.

Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki ilileta Afrika aina kadhaa za utitiri uwindao kutoka Colombia. Ziliachiliwa mashambani, wala hazikustawi. Ndipo wataalamu walipogeukia kaskazini mashariki ya Brazil, ambako kiangazi ni kikali kama cha mashamba mengi ya Afrika. Aina moja ya huko iliachiliwa Benin mwaka 1989, ikashika makazi. Hiyo ilikuwa ikihesabiwa chini ya jina la limonicus, mpaka mwaka 1994 mtaalamu wa Brazil, Gilberto de Moraes, alipoitenga na kuiita manihoti. Mwaka 1993 iliachiliwa nyingine, aripo, ambayo mchana hujificha katika kilele cha mmea na usiku hushuka majanini kuwinda. Hii ndiyo iliyoenea zaidi, hata ikafika Kenya na Tanzania.

Fundisho ni wazi. Jina moja likifunika aina nyingi, hakuna awezaye kujua ipi imeshinda na ipi imeshindwa, na jasho la miaka humwagika bure.

Kwa hiyo twasema: vijana wafundishwe kazi hii katika vyuo vyetu vya kilimo, wapewe hadubini na ajira ya kudumu, na vioo walivyovitayarisha vitunzwe kama hazina ya taifa. Na mkulima naye, kabla ya kushika bomba la dawa, amwite bwana shamba wakague pamoja vilele vya mihogo yake. Muhogo ndio uokoao nyumba mahindi yanapokauka. Asiyemjua mlinzi wa chakula chake, atamfukuza kwa mkono wake mwenyewe.