NANI MSIMAMIZI WA FUNDI AKIWA JUU YA PAA?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalosahauliwa sana huku vijijini, nalo ni usalama wa mafundi wanaofanya kazi juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Karatu. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo na kutunza mahudhurio, ujenzi hatukufundishwa. Lakini tangu utaratibu wa fosi akaunti uenee, yaani shule kuajiri mafundi wa hapa hapa badala ya mkandarasi, sisi walimu tumekuwa wasimamizi wa ujenzi. Mwaka 2021 Serikali ilipotoa fedha za mpango wa UVIKO-19 kwa ajili ya madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 kati yake yakiwa ya shule shikizi, kazi kubwa ilipita mikononi mwa walimu na kamati za wananchi. Sipingi utaratibu huo hata kidogo. Madarasa yamesimama.

Shuleni kwetu tulikuwa na kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Mimi nilikuwa katika mapokezi. Misumari tuliipima kwa kilo, mabati tuliyahesabu mara mbili, na kila mfuko wa saruji ulitiwa sahihi. Siku ya kupaua, asubuhi yenye umande, nilimwona kijana mmoja, saidia fundi, akitembea juu ya papi na bati begani. Alivaa kandambili. Chini yake hakukuwa na jukwaa wala kitu chochote ila rundo la matofali. Nikamwambia, "Angalia mdogo wangu." Akacheka, akajibu, "Usijali mwalimu, tumezoea." Nami nikarudi kuhesabu mabati.

Saa nne haijafika upepo ukalipiga lile bati, naye hakuliachia. Hakufa, tunamshukuru Mungu, lakini nyonga ilivunjika. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akishuka Mang'ola kila msimu kufanya kibarua cha vitunguu na kumlisha mama yake. Leo hawezi kubeba hata ndoo ya maji. Fedha za matibabu tulichangishana wenyewe kwa daftari.

Kamati zilipokaa, kila mmoja alikuwa na jibu. Kamati ya ujenzi ilisema ni juu ya fundi mkuu. Fundi mkuu akasema kijana alijitakia mwenyewe kwa kuvaa kandambili. Kamati ya mapokezi ikasema kazi yake ni vifaa, si watu. Aliyesimama kusema hivyo ni mimi.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imemtwika mwajiri wajibu wa kulinda watu wake, na wakala wa kusimamia jambo hilo, OSHA, upo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nayo ipo, pamoja na mfuko wake. Sasa swali langu: katika fosi akaunti mwajiri ni nani? Ni mwalimu mkuu, ni kijiji, ni halmashauri, au ni fundi mkuu aliyemwita kijana kwa simu jana yake usiku? Na kibarua asiye na hata karatasi moja yenye jina lake atathibitishaje kwamba alikuwa kazini? Jengo la Kariakoo lilipoanguka Novemba 16, 2024, nchi nzima ilizungumza. Mtu mmoja akianguka kutoka kwenye kenchi ya darasa hatangazwi popote.

Wapo watakaosema usalama ni gharama na fedha za shule hazitoshi. Mimi nimeona mirunda iliyoshikilia lenta iking'olewa na kugawanywa kuwa kuni siku chache kabla ya kupaua. Mirunda hiyo hiyo ingetosha jukwaa, pamoja na mti wa kukinga kiunoni. Ngazi kufungwa juu, ikapita ukingo wa ukuta kwa mita 1 hivi, inahitaji kamba tu. Mkanda wa kumfunga fundi kwenye kenchi ndio wa kununua, na unaweza kutumika kwa majengo mengi.

Lakini vifaa peke yake havitoshi bila mtu mwenye mamlaka ya kusema "shukeni". Fundi mmoja wa hapa aliyekwenda kutengeneza paa kule Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, alinieleza kwamba ukungu wa huko hulowesha mbao mpaka karibu na mchana. Msimamizi wao hakuruhusu mtu kupanda kabla mbao hazijakauka, mwenye jengo apende asipende. Mwanzoni walimnung'unikia. Ujira wao haukupungua hata senti.

Kwa hiyo naomba wahusika, hasa halmashauri zetu na OSHA, katika kila ujenzi wa fosi akaunti aandikwe mtu mmoja, kwa jina, wa kukagua jukwaa na ngazi kila asubuhi na kila baada ya mvua, na kusimamisha kazi upepo ukizidi. Majina ya vibarua nayo yaandikwe siku ya kwanza. Na fedha za jukwaa na mikanda ziwekwe katika makadirio kabla ya fedha za rangi.

Mwezi ujao tunapaua vyoo vipya. Nimeiomba kamati iniandike mimi. Mwenyekiti ameuliza kama nitataka posho, nikamjibu sitaki. Amesema watalijadili kikao kijacho, na mabati yameshafika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Karatu, Arusha.