Mti wa Haraka na Mti wa Subira

Mwenyeji wa Yahuma, hapa kwetu mkoani Tshopo, Kongo, atakaye chelezo cha kuvushia mizigo yake, au maboya ya kushikilia wavu wake majini, huuendea kombokombo, ule mti uotao wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa, ambao gogo lake likishakauka huwa jepesi kupita kiasi. Na mtu huyohuyo akitaka boriti za daraja litakalopitiwa na magari ya mizigo, kombokombo haumjii hata katika fikira, bali huulizia limbali, mti mzito uyachoshao meno ya msumeno. Elimu hii ya mikono wazee wetu walikuwa nayo kabla ya kuja kwa shule, na ndani yake imo hoja kubwa juu ya namna tunavyoitumia misitu ya Tshopo, hoja ambayo tukiipuuza tutawarithisha wanetu majani mabichi yasiyo na miti ya maana nyuma yake.

Atakaye kuyahakikisha haya kwa macho yake na atwae kipande cha kila mti, anoe kisu barabara, alainishe kichwa cha kipande pale msumeno ulipopita, kisha akitazame kwa lenzi ya kawaida. Ataona vitundu vya mviringo, navyo ni vinywa vya mirija ipandishayo maji kutoka mizizini hata majanini. Vitundu hivyo havikosekani katika limbali pia, wala si lazima viwe vidogo, kwa kuwa mti mrefu hauna budi kuwa na mirija mipana ya kuufikishia maji kileleni; tofauti kubwa iko katika kile kilicho baina ya kitundu na kitundu. Katika kombokombo mna nyuzi za kuta nyembamba na nafasi tupu nyingi, hata mbao yake kavu huwa na uzito wa yapata robo tu ya maji ya ujazo uleule. Katika limbali nyuzi zina kuta nene, zimebanana, na uzito wake hukaribia robo tatu na pengine huzipita.

Sasa tufahamu kila mti ulichonunua na bei uliyolipa. Mrija ukipanuka mara mbili huweza kupitisha maji mara 16, na mwili wa nyuzi nyepesi haugharimu chakula kingi kuujenga. Kwa hiyo mti wenye mambo hayo mawili, ukipata jua, hupaa kwa kasi ya ajabu. Lakini mrija mpana, siku za ukame, aghalabu huingiwa na hewa kwa wepesi, na hewa ikishaingia safu ya maji hukatika na mrija hauna kazi tena. Na nyuzi nyembamba hazihimili sana tawi la jirani likianguka, wala hazina kinga kubwa juu ya kuvu na wadudu. Kombokombo kwa hiyo aghalabu hauvuki miaka 20 au 30, ilhali limbali huweza kukaa chini ya kivuli cha wakubwa wake miaka mingi, ukiongeza unene kidogo kidogo, usife.

Wataalamu waliopima aina 42 za miti katika msitu wa mvua wa Bolivia, wakatangaza matokeo yao mwaka 2010, walikuta kwamba upana wa mirija huandamana na ukuaji wa haraka, na uzito wa mbao huandamana na ukuaji wa taratibu. Ama kunusurika kwa miti, miongoni mwa sifa zote za mbao walizozipima, hakukuandamana ila na uzito wake peke yake. Bolivia iko baidi nasi na aina zake si zetu, lakini mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi mwingine uliokusanya vipimo vya miti zaidi ya milioni 3 kutoka pande nyingi za dunia, nao pia ulionyesha kuwa mti wa mbao nzito hukua taratibu na hustahimili zaidi msongamano wa jirani zake.

Basi tuyatazame matendo yetu. Tunafyeka msitu wa limbali kwa ajili ya muhogo na mpunga, tunavuna misimu michache, tunahama, na baada ya miaka mitano tukipita pale tunaona kijani kimerudi na kivuli kimerudi, tukasema msitu umepona. Haukupona. Kilichorudi ni kombokombo na ndugu zake, nao wana fadhila yao, kwa maana kivulini mwao huchipua miti ya baadaye. Lakini mbegu ya limbali ni kubwa na nzito, huanguka karibu na mama yake, na pale ambapo mama hakusazwa hakuna wa kuileta. Akataye mti wa subira kwa kasi ya mti wa haraka ni mfano wa mfanyabiashara alaye mtaji wake akidhani ni faida.

Nina neno la pekee juu ya afromosia, mti ulioipa nchi yetu sifa katika masoko ya mbao, na ambao tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mbao yake ni nzito na ya kudumu, lakini mche wake hutaka jua, na ukiota gizani hufa. Ndiyo maana katika misitu yetu wazee wake wapo na vijana wake ni haba, na wataalamu hudhani kwamba wengi wa wazee hao waliota kwenye mashamba ya kale yaliyoachwa na babu zetu. Haya si maarifa ya kuwekwa kabatini. Shamba la muhogo linaloachwa leo ndilo mahali pa kuupanda afromosia, nasi tunaliacha bure.

Ng'ambo ya mto Kongo, upande wa kwendea Kisangani, iko Yangambi, palipokuwa kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoasisiwa mwaka 1933, na ambako hata leo ipo hazina ya vielelezo vya mimea vilivyokaushwa, maabara ya mbao, na miti ya afromosia iliyopandwa zama za Wabelgiji. Walimu wetu na wawapeleke vijana huko, kisha wakirudi wawaulize wazee majina ya miti kwa kilugha, kwa sababu jina la mzee na kipimo cha maabara vikikutana ndipo mti hujulikana.

Amri ya serikali ya mwaka 2014 imeipa kila jamii haki ya kuomba msitu wake yenyewe, usiozidi hekta 50,000, kwa sharti la kuandika mpango wa kuutumia. Enyi wazee na vijana wa Yahuma, mnapouandika mpango huo msikubali orodha ya miti inayotaja bei na unene tu. Karibu na kila jina pawe na uzito wa mbao yake, kasi ya kukua kwake, haja yake ya jua au ya kivuli, na idadi ya miti mama itakayosazwa katika kila eneo la ukataji; na mnunuzi akija na shoka lake au na msumeno wake wa mashine, asomewe orodha hiyo kabla ya kuonyeshwa njia ya msituni.