Barza inakufa mu muji wetu, na sisi tunapiga makofi

Mukipita katikati ya Lubumbashi, simameni kidogo kwenye kona yenye duka la zamani. Muji huu ulizaliwa mu 1910. Wazungu waliojenga pale walijua mvua yetu, ambayo ikianza mu Novemba haina huruma: walinyoosha paa mpaka juu ya njia ya watu wa miguu, wakalisimamisha kwenye nguzo. Pale chini ndipo tunaita barza.

Tusidanganyane: barza ile haikujengwa kwa ajili yetu. Wakati wa Élisabethville, mutu mweusi hakuruhusiwa kutembea pale usiku bila karatasi. Lakini kisha Uhuru tuliifanya yetu. Mama wa mikate, mushona viatu, mubadilisha feza, mwanafunzi aliyekimbia mvua, wote walikutana pale, wakasalimiana, wakaulizana habari za kilio na za ndoa.

Leo kona zinavunjwa moja moja. Panasimama etaji ya vioo, ukuta unafika mpaka barabarani, mulango wa chuma, mulinzi. Pa kukaa? Hakuna. Mvua ikinyesha, mutu analoa. Ukiuliza, wanakujibu: «Njo maendeleo!» Sisi hatukatai etaji. Muji unaongezeka, watu wanatafuta kazi, na nyumba iliyopasuka inaweza kuua. Tunachokataa ni maendeleo yasiyo na kivuli. Etaji inaweza kusimama juu ya nguzo vilevile, simenti haikatazi.

Neno lenyewe linatuhukumu. Barza ni baraza: pa kukaa na pa kuamua. Kule Kivu ya Kaskazini, mu 1998, wakubwa wa makabila walipotafuta namna ya kusuluhisha ugomvi, chombo chao walikiita Barza. Hawakukiita Etaji. Muji usio na pa kukaa pamoja utasuluhishia wapi mambo yake?

Na sisi walimu tuna kosa letu. Tunawafundisha watoto piramidi za Misri, lakini kona iliyo karibu na masomo hatujawahi kuwaonyesha. Tuwatoe inje na daftari, wachore nguzo zile mbele hazijaanguka. Na wakubwa wa muji, mbele ya kutia sahihi kwenye ruhusa ya kujenga, waulize neno moja tu: mvua ikinyesha, mupita njia atajikinga wapi?