Kanuni ya Mavazi Kazini Iandikwe

Tarehe 1 Juni 2021, Mbunge wa Momba alitolewa nje ya Ukumbi wa Bunge mjini Dodoma. Mbunge mwenziwe, mwanamume, alikuwa amesimama na kudai kwamba suruali aliyoivaa Mbunge huyo haikustahili. Spika wa wakati huo, Ndugu Job Ndugai, akamwagiza atoke, akavae vizuri, ndipo arudi.

Wapo walioona kwamba heshima ya Bunge imelindwa. Wapo walioona kwamba mwakilishi wa wananchi amedhalilishwa mbele ya taifa. Sisi hatukusudii kuufufua ubishi wa suruali ile. Twauliza swali lililo zito zaidi: mwanamke mfanyakazi anapotoka nyumbani alfajiri, atajuaje kwamba nguo aliyoivaa haitamfukuzisha katika kiti chake kabla ya adhuhuri?

Suala hili si geni nchini. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Siku hiyo ilikuwa haijawadia, na tayari makundi ya wanaume yalikwisha kuwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam. Fundisho lake ni dhahiri. Kipimo cha nguo kikiwa jicho la mtazamaji, kila mpita njia hujifanya hakimu.

Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka wa mavazi. Wanawake walikatazwa sketi zisizofika magotini na blauzi zisizo na mikono. Hata kucha ziliwekewa kikomo cha sentimita 3. Wanaume nao walipewa masharti yao. Yapo katika waraka huo mambo ambayo mtu aweza kuyapinga kwa haki. Lakini hata anayeyapinga anajua anapinga nini, kwa kuwa yameandikwa.

Mwanamke hujiamini kazini anapojua mipaka. Asiyeijua hutumia nusu ya akili yake kuvuta sketi na kuchungulia nyuso za wakubwa, na kazi aliyoajiriwa kuifanya hupata nusu iliyobaki. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya ofisi na ya umma unaohudumiwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mahali pa kazi pawe na kanuni fupi iliyoandikwa, inayowahusu wanawake na wanaume, na mfanyakazi aisome siku anapoajiriwa. Pili, kanuni hiyo itokane na mahitaji ya kazi yenyewe: muuguzi, fundi mitambo na karani hawawezi kuvaa sare moja. Anayetimiza mahitaji hayo kwa gauni la kitenge, kwa ushungi au kwa suruali asisumbuliwe. Tatu, anayekosea aelezwe faraghani na msimamizi wake, si hadharani.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwajiri anayeshughulika na mkakasi tu hatajua kamwe kilichomo ndani. Nadhifu tuwe sote. Lakini mwanamke apimwe kwa kazi ya mikono yake na fikra zake, kama apimwavyo mwanamume.