Uchambuzi: Nafuu ya kodi kwa wafadhili wa elimu na nafasi ya mkazi wa Rungwe

Wazo la kutumia mfumo wa kodi kuwafadhili wanafunzi wa shule binafsi laweza kuonekana geni mjini Tukuyu, ilhali Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina kifungu kinacholikaribia. Kwa mujibu wa kifungu cha 16, mfanyabiashara anayechangia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), huondoa mchango huo katika mapato yake kabla ya kodi kukokotolewa. Akichangia taasisi ya hisani, kiasi kinachoondolewa hakizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kupunguza mapato yanayotozwa kodi si sawa na kupunguza kodi yenyewe. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ikichangia shilingi milioni 10 hupunguziwa kodi ya milioni 3, na milioni 7 zilizobaki ni sadaka yake halisi. Katika jimbo la Arizona nchini Marekani, tangu mwaka 1997 mfadhili wa wanafunzi wa shule binafsi hupunguziwa kodi yake dola kwa dola hadi kikomo kilichowekwa. Mchango wa namna hiyo, tukisema kweli, ni fedha ya Hazina iliyopitia mkono wa mtu mwingine.

Na Hazina ndiyo inayogharamia elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 hadi kidato cha nne na kupanuliwa mwaka 2022 hadi kidato cha sita katika shule za umma. Mzazi aliyechagua shule binafsi, zikiwemo za taasisi za dini ambazo Rungwe inazifahamu tangu Wamoraviani walipofika mwaka 1891, hulipa kodi kama wengine na bado hulipa ada. Hoja yake si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, nafuu iliyopo inahusu mapato ya biashara pekee. Mwalimu au muuguzi anayekatwa kodi kwenye mshahara haifaidi. Wala muuza ndizi wa sokoni anayekadiriwa kodi kwa mauzo. Mpango wowote mpya usiporekebisha jambo hilo, uamuzi wa nani asomeshwe utabaki kwa makampuni ya mbali, na mtoto wa Isongole au Suma atasubiri.

Ugumu mkubwa zaidi ni kumtambua mhitaji. Mkulima wa chai au parachichi hana hati ya mshahara, na kipato chake hupanda na kushuka kwa msimu. Orodha ya kaya maskini inayotumiwa na TASAF, ikihakikiwa na mkutano wa kijiji, ingekuwa mahali pa kuanzia. Mfadhili asipewe nafasi ya kumtaja mwanafunzi kwa jina. Vinginevyo ada ya mpwa wake itageuka kuwa mchango unaopunguza kodi.

Kwa sasa, mfanyabiashara wa Rungwe anayetaka kunufaika na kifungu hicho anashauriwa kupitisha mchango wake TEA na kutunza uthibitisho wake hadi atakapowasilisha ritani ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).